Kula na Watu, Kuishi na Kisukari

Kwetu Tanga mgeni haulizwi kama atakula. Anaulizwa mbona hali. Ukifika nyumba ya mtu saa nne asubuhi utaletewa chai ya maziwa iliyotiwa sukari jikoni huko huko, na pembeni sahani ya vitumbua. Ukifika saa saba mchana utakuta wali wa nazi umekwisha kufunikwa kawa unakungoja. Ukisema umeshiba utaambiwa, "Onja tu, usitutie aibu." Nimelelewa katika adabu hiyo, nimewafunza wanangu, na mpaka leo naipenda. Lakini mimi ni mtu mwenye kisukari, na miaka niliyoishi na maradhi haya imenionyesha kwamba dawa, kipimo na ushauri wa daktari vyote vinategemea namna mgonjwa anavyokula na watu wake. Vipeperushi vya kliniki hulitaja jambo hilo kwa mstari mmoja na kupita. Mimi nataka kulizungumzia kwa kirefu.

Kisukari nilikiona kwanza kwa mama yangu mzazi, Muheza, miaka ya 1980. Kijijini kwetu uliitwa ugonjwa wa wakubwa, yaani wa watu wa ofisini wenye magari, na mama alikuwa mkulima wa michungwa aliyekwenda kwa miguu kutoka shamba moja hadi jingine. Bibi ndiye aliyegutuka. Aliona sisimizi wamejipanga kwenye sakafu ya choo cha uani kila mama anapotoka, akamwambia, "Mwanangu, hili si jambo jema, nenda ukapimwe." Nilikuja kujua baadaye kwamba wale sisimizi walikuwa mashahidi wa kweli. Sukari ya damu ikishapita kama milimoli 10 kwa lita kwenye kipimo, figo hushindwa kuirudisha yote mwilini. Inayobaki hutoka na mkojo, na maji mengi huifuata. Ndipo mtu anapopata kiu isiyokatika na kuamka mara kwa mara usiku.

Hilo jina la ugonjwa wa wakubwa halikuwa la kijijini kwetu tu, na wapo wataalamu waliokwenda kulichunguza. Profesa Donald McLarty, Mskoti aliyefundisha na kutibu Dar es Salaam kwa miaka mingi, alikwenda na wenzake vijijini kupima damu za watu. Matokeo yao yaliyochapishwa 1989 yalionyesha mtu mzima kama mmoja tu katika kila mia ana kisukari. Utafiti wa kitaifa wa 2012, uliowapima watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta asilimia 9.1. Tafiti hizo mbili hazikufanywa kwa njia moja wala kwa watu wa aina moja, lakini sisi tuliokuwa hai wakati wote huo hatuhitaji hesabu kubwa ili kuelewa. Tulikopita kwa miguu sasa tunapita kwa bodaboda. Dona imekuwa sembe. Soda iliyokuwa ya sikukuu imekuwa ya kushushia chakula cha mchana.

Kisukari changu kiligundulika tarehe 14 Novemba, Siku ya Kisukari Duniani, kwenye hema la kupima bure. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kwa miezi kadhaa mwandiko wa watoto ulikuwa ukiniingia ukungu nikisahihisha madaftari jioni. Nilichomwa kidole, tone la damu likawekwa kwenye stripu, mashine ikasoma 14.2. Nikaambiwa nirudi asubuhi kabla sijatia kitu mdomoni, nikarudi, ikasoma 11.6. Mpaka wa kisukari kwa mtu ambaye hajala kwa saa nane ni 7.0. Muuguzi aliyenipokea kliniki alikuwa mama wa makamo, mwenye sauti ya taratibu. Nilidhani ataanza na dawa. Aliniuliza, "Mwalimu, nyumbani anapika nani?"

"Mimi."

"Na mnaokula ni wangapi?"

Nikamhesabia: mume wangu, watoto, mama mkwe, na wifi yangu aliyekuja kwa msimu na kubaki.

"Basi nazungumza na watu wote hao," akasema. "Kawafikishie."

Nimekutana na madaktari wengi tangu siku ile, na sijasikia swali bora kuliko lile.

Nilipofikisha habari, mama mkwe alifanya kile ambacho mapenzi humfundisha mtu kufanya. Alinitengea sufuria yangu ndogo. Uji wa ulezi, ugali wa dona, mboga isiyoungwa, vyote peke yake, na jina lake likawa chakula cha mgonjwa. Nyumbani kwetu wanawake na watoto hula sinia moja juu ya mkeka, na mimi nikawa nakaa kando na kibakuli changu huku mazungumzo yakiendelea upande wa pili. Chakula kilikuwa salama, lakini hakikunishibisha. Mtu anayekula hivyo kila siku hatadumu. Atavumilia mwezi, miwili, kisha atarudi sinia kwa njaa ya watu zaidi ya njaa ya tumbo. Nimewaona wenzangu wengi kliniki wakirudia hapo hapo, na wanaitwa wakaidi. Si wakaidi. Wamechoka kutengwa.

Tena sinia lenyewe lina shida yake. Vidole vya watu sita vinapoingia katika wali mmoja, hakuna awezaye kusema amekula kiasi gani, na ukarimu wa mezani humsogezea mgonjwa mnofu na kipande cha wali kilichoshiba tui. Kwa hiyo tulizungumza, mimi na mama mkwe, jikoni, yeye akikuna nazi.

"Mama, naomba tupike sufuria moja."

"Na sukari yako?"

"Tupunguze wali, tuzidishe mboga na samaki. Mimi nitapakua changu mwanzo kwenye sahani, kisha nikae mkekani na nyinyi."

"Watu hawa watashiba wali huo?"

"Wali umepungua, mama, lakini matembele yameongezeka."

Akafikiri, akaendelea kukuna. "Basi na nazi itoshe nusu," akasema. Mambo yakawa hivyo. Nusu ya sahani yangu mboga: mchicha, matembele, bamia, mchunga anaoupenda mume wangu kwa uchungu wake. Robo kitoweo: kibua wa kuchoma, dagaa, maharage au kunde. Robo iliyobaki ndiyo ya wanga, uwe wali, ugali, muhogo au ndizi. Naanza na mboga na samaki, wanga nauacha wa mwisho, maana tumbo likishapata nyuzinyuzi na protini sukari haipandi kwa kasi ile ile. Wote nyumbani wakala hivyo. Mume wangu, ambaye presha yake ilikuwa ikipanda, alipungua kilo bila mtu kumwambia anafuata mlo maalumu.

Kuna mambo ya chakula ambayo ilibidi niyaeleze tena na tena, kwa upole, kwa sababu watu waliyasema kwa nia njema. Dona na ulezi ni bora kuliko sembe kwa kuwa vina nyuzinyuzi, ila ni wanga vilevile. Ukila mlima wa dona sukari itapanda. Muhogo, kiazi kitamu na gimbi havina ladha ya sukari ya kopo, lakini mwilini huishia kuwa sukari. Asali ni sukari, hata ikitoka Handeni kwenye mzinga wa babu. Na machungwa ya kwetu Muheza, ambayo nimekua nayo, nayala, moja, kwa nyama yake na ngozi yake nyeupe ya ndani. Juisi siinywi. Bilauri moja hukamuliwa machungwa matatu au manne, nyuzinyuzi zikatupwa jaani, ikabaki sukari yake peke yake.

Nje ya nyumba kazi ilikuwa kubwa zaidi. Harusi, maulidi, hitima, arobaini, kumtazama mzazi: kote huko kula ni sehemu ya kushiriki, na anayekataa anaonekana amebeba kinyongo. Mwanzoni nilieleza ugonjwa wangu kila nilipokwenda, na kila nilipoeleza nilipewa dawa tatu za mitishamba na habari za mtu aliyekufa. Nikajifunza adabu ya kukataa. Sisemi "siwezi kula", maana neno hilo humuumiza aliyepika. Napokea sahani kwa mikono miwili. Nasema, "Mashallah, mkono wako haujapungua." Naonja kilicho cha kuonja, natafuna polepole, kisha namwomba mwenyeji kitu ninachokiweza: "Nipe na kipande cha samaki, hicho ndicho kilichonileta." Mwenyeji akiombwa kitu hufurahi kuliko akisifiwa. Ikija chai, naomba kahawa. Kahawa chungu ya pwani haina sukari kwa asili yake. Utamu wake uko kwenye kashata, na kashata mtu anaweza kumpa mtoto aliyekaa karibu.

Hili nalisema kwa wagonjwa wenzangu bila kusita: tafuteni maneno yenu ya kukataa kabla hamjatoka nyumbani. Mtu aliyejiandaa hukataa kwa tabasamu. Asiyejiandaa ama atakula kila kitu ama atagombana, na yote mawili yana gharama.

Dawa zangu za mwanzo zilikuwa vidonge viwili. Metformini nilielekezwa kuinywa pamoja na chakula, kwa kuwa huchafua tumbo wiki za kwanza, na kweli ilinichafua, kisha tumbo likazoea. Cha pili kilikuwa glibenklamaidi, ambacho huisukuma kongosho itoe insulini zaidi. Hicho hakisubiri mtu. Ukishakinywa asubuhi kitafanya kazi yake, ule usile. Siku moja kikao cha walimu kilianza saa sita kikavuta hadi saa tisa, chakula cha mchana kikasogezwa, na mimi nikaingia darasani moja kwa moja. Nikiwa ubaoni jasho jembamba likanitoka shingoni, mikono ikatetemeka, midomo ikafa ganzi, chaki ikaniponyoka. Msichana mmoja wa darasa la saba akasimama bila kuomba ruhusa.

"Mwalimu, sukari imeshuka?"

Sikumjibu vizuri, maneno hayakuja. Alikuwa amekwisha kutoka mbio kwenda ofisini. Akarudi na kikombe cha maji yenye vijiko vitatu vya sukari, akanishikia kikombe mkononi mpaka nikamaliza. Baada ya kama robo saa dunia ikatulia. Wenzake wakanipa ndizi na kipande cha mkate. Alijua la kufanya kwa sababu tulipofundishana usagaji wa chakula niliwaeleza habari zangu, nikawaambia sukari ikiwa chini ya 4 mtu anakuwaje na anasaidiwaje: gramu 15 hivi za sukari ya haraka, yaani vijiko vitatu vya chai au nusu chupa ya soda ya kawaida, asubiriwe dakika 15, apimwe, apewe tena kama haijapanda, kisha ale chakula cha kukaa tumboni. Akiwa amezimia asinyweshwe kitu, atapaliwa, apelekwe hospitali.

Jioni nilipoisimulia habari hiyo nyumbani, nilimwona mume wangu ameduwaa. Alikuwa ameamini kabisa kwamba sukari kwangu ni sumu, na kama ningeanguka mbele yake angeificha. Wagonjwa wengi wamezungukwa na ndugu wa namna hiyo, wanaowapenda na wasiojua. Tangu siku ile kopo la sukari likawekwa mahali ambapo hata mtoto mdogo wa nyumbani anapajua, na mimi sitoki bila vifurushi vya sukari mkobani. Mwenye kisukari anayejulikana na watu wake yuko salama kuliko aliyejificha. Aibu ya kujulikana hupita kwa mchana mmoja, na faida yake inaweza kuwa uhai.

Miguu ni habari nyingine, na hapa namzungumzia mama. Alichomwa na mwiba wa mchungwa shambani, akarudi nyumbani, akapika, akala, akalala. Hakusikia kitu. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huua neva za miguu kidogo kidogo na kuziba mishipa ya damu, na mtu hupoteza ile kengele ya maumivu inayomwambia angalia. Tuliona damu mkekani asubuhi. Kidonda kikaanza kidoleni, kikapanda, mguu ukakatwa chini ya goti, na mama hakukaa sana baada ya hapo. Nimejiuliza mengi kuhusu kifo chake, na jambo ninaloweza kulifanya ni kuitazama miguu yangu kana kwamba ni ya mtoto mchanga.

Nilitafuta saa ya kufanya hivyo kila siku, nikagundua ninayo tayari. Mwislamu huosha miguu kila anapotia udhu, na sunna ni kupitisha kidole katikati ya vidole vya miguu. Hapo hapo nakagua: pana malengelenge? Pana mpasuko kisiginoni? Pana wekundu au joto upande mmoja? Unyayo nisioufikia kwa macho namwonyesha binti yangu au naegesha kioo kidogo sakafuni. Nikimaliza nafuta maji katikati ya vidole mpaka pakauke, kwa kuwa unyevu huleta fangasi na fangasi hufungua njia ya kidonda. Halafu mafuta juu na chini ya mguu, si katikati ya vidole. Maji ya moto napima kwa kiwiko kwanza. Kandambili ni za bafuni. Nje navaa kiatu kilichofunika vidole, na kabla sijavaa nakikung'uta na kupitisha mkono ndani. Mara moja kwa mwaka kliniki hunigusa nyayo kwa uzi maalumu nikiwa nimefumba macho, niseme kama nimeusikia. Macho nayo yachunguzwe kila mwaka kwa dawa ya kutanua mboni, na mkojo upimwe protini, maana figo na macho huharibika kimyakimya.

Mwezi wa Ramadhani ulinifundisha namna ya kuuliza mapema. Nilipokuwa natumia vidonge na sukari yangu imetulia, nilikwenda kwa daktari Rajabu haijaisha. Alibadilisha kiasi na saa za dawa: kipimo kikubwa futari, kidogo daku, na glibenklamaidi akaiondoa kabisa kwa mwezi ule. Aliniambia nipime damu hata mchana, kwani kujichoma kidole hakubatilishi saumu, na kwamba sukari ikishuka chini ya 3.9 au ikipita 16.6 nifungue bila kungoja magharibi. Futari yetu ya muhogo wa nazi, tambi na kaimati ni wanga juu ya wanga. Nikawa nafuturu kwa tende moja na maji, supu ya samaki, halafu sahani yangu ya kawaida baada ya swala. Nilipoanza insulini na sukari ikawa inayumba, daktari alinikataza kufunga. Nilimwendea shehe wa mtaani kwetu nikiwa na moyo mzito. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema mgonjwa ameruhusiwa na Mola wake, na asiyetarajia kupona hutoa fidia ya kulisha masikini kwa kila siku. "Ruhusa ni zawadi, Mwalimu," akasema. "Ipokee." Mama mkwe akawa ndiye anayeniletea chakula cha mchana chumbani mwezi mtukufu, na akisikia mtu ananong'ona humjibu mwenyewe.

Insulini niliiogopa kama wengi wetu tunavyoiogopa. Mitaani husemwa kwamba ukiona mtu ameanza sindano, amefika mwisho. Historia yake inasema kinyume. Kabla ya 1922 mtoto aliyepata kisukari cha aina ya kwanza alikufa, na matibabu pekee yalikuwa kumnyima chakula ili asogeze siku. Januari mwaka huo, huko Toronto, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14 aliyekuwa mahututi, alidungwa dawa iliyotokana na kazi ya Frederick Banting, Charles Best, James Collip na John Macleod, akapata nguvu na kuishi miaka mingine 13. Banting, Best na Collip waliuza haki yao ya uvumbuzi kwa Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja. Banting alizaliwa tarehe 14 Novemba, na ndiyo maana siku ya kisukari duniani ikawekwa hapo. Nilipoijua habari hiyo, sindano ilikoma kuwa hukumu. Kongosho yangu imechoka baada ya miaka ya kulazimishwa, na dawa inatoa kile ambacho yenyewe haiwezi tena kutoa kwa kiasi cha kutosha. Basi.

Kazi yake ya kila siku ina utaratibu wake. Ile ya mchanganyiko, yenye rangi ya maziwa, naiviringisha kichupa chake viganjani taratibu mpaka iwe sawasawa, siitikisi. Navuta uniti nilizoandikiwa, natazama hakuna kiputo, najidunga tumboni leo upande huu kesho ule, nikiacha nafasi kuzunguka kitovu, kwa kuwa ukidunga pale pale nyama huvimba na dawa haipiti vizuri. Kisha nakula, sichomi sindano chakula kikiwa bado motoni.

Tatizo lilikuwa joto la Tanga. Kichupa ambacho hakijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na kilichofunguliwa huhimili kama wiki nne mahali pa ubaridi wa kadiri. Friji hatukuwa nayo wakati ule. Cha kutumia nilikihifadhi ndani ya chungu kidogo kilichowekwa ndani ya kikubwa, katikati mchanga ninaoumwagia maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi. Maji yakikauka kupitia udongo huondoka na joto, na njia hii imesaidia wengi wasio na umeme. Akiba yangu aliichukua jirani yangu, ambaye kila Idi alinigombeza kwa kutomaliza halua yake. Aliniuliza tu, "Inakaa wapi hiyo dawa yako?" Nilipomwambia, akatenga rafu ya kati ya friji yake, mbali na barafu maana ikiganda imeharibika, akawaambia wanawe asiguse mtu. Umeme ukikatika usiku ananitumia ujumbe kunijulisha kwamba hajafungua mlango wa friji. Sijui ukarimu mkubwa kuliko huo, na hauna hata chembe ya sukari.

Gharama zipo, na si za kufichwa. Stripu za kupimia huisha haraka kuliko dawa, kwa hiyo mimi sipimi ovyo: leo asubuhi kabla ya kula, kesho saa mbili baada ya chakula cha mchana, keshokutwa kabla ya kulala, na naandika daftarini na nilichokula, ili daktari aone mwenendo. Kile kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili hadi mitatu, nakiwekea fedha kando; kwa watu wazima wengi lengo ni chini ya asilimia 7. Jioni baada ya chakula natembea na mume wangu dakika kumi au robo saa kuelekea baharini. Misuli inayotembea huchukua sukari kwenye damu, na matembezi hayauzwi.

Kwa hiyo naomba mambo machache kwa wenyeji wetu wote wa pwani na bara. Chai ipikwe bila sukari na kopo liletwe kando, kila mtu ajitilie. Maji yaje mezani pamoja na soda. Mgeni akisema ameshiba aaminiwe. Shughuli ikichelewa, aulizwe kimya kimya kama yupo anayetumia dawa anayehitaji kutangulia kula, na asitangazwe mbele ya watu. Na kama nyumbani mwako yumo mwenye kisukari, mwulize leo mambo matatu: anatumia dawa saa ngapi, asaidiwe vipi sukari ikishuka, na miguu yake ameikagua lini. Majibu hayo ayajue kila mtu anayekula naye.